Viungo vya Usukani: Habari za Magari Kuukuu katika Nchi ya Ugogo

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake, na kwamba mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo: usukani, kiungo, grisi. Somo letu ni la historia, lakini leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za kipande cha chuma kisichozidi ngumi ya mtoto, ambacho kimo nyuma ya gurudumu la mbele la gari. Mafundi wetu hukiita boljointi.

Kila aliyepata kuchinja mbuzi anaijua boljointi, hata kama hajafungua gari siku moja. Ukitenga paja na nyonga utaona kwamba mfupa wa paja una kichwa cheupe cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Ndani ya kikombe mna ute unaoteleza, na nje pamefunikwa na utando mgumu. Kwa sababu ya kiungo hicho mbuzi aweza kupeleka mguu mbele, nyuma na kando. Boljointi ni vivyo hivyo. Kichwa cha chuma cha mviringo kimo ndani ya kikombe cha chuma. Mahali pa ute pana grisi, na mahali pa utando pana kofia ya mpira. Gurudumu laweza kukata kona kushoto na kulia, na wakati huo huo laweza kupanda na kushuka njia ikiwa na mashimo. Kiungo hiki kikikauka husagika, na kikisagika sana kichwa hutoka katika kikombe chake. Hapo gurudumu hulala chini na gari halimtii tena dereva.

Sasa tuanze historia yenyewe.

Zamani nchi yetu hii ya kati haikuwa na magurudumu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na Ugogo, na mizigo yote ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua yapata kilo 30. Wazungu wa misheni walidhani gari la ng'ombe lingeondoa taabu hiyo. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitembeza ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, nao wakafika. Mwaka uliofuata yakaletwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawaua ng'ombe, na mizigo ikarudi vichwani kwa watu. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910.

Motokaa ilitangulia kidogo. Mwaka 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akiazimia kuivuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund, katika nchi iitwayo leo Namibia, mwezi wa Mei 1909. Hesabuni wenyewe katika daftari: kutoka Agosti 1907 mpaka Mei 1909 ni miezi mingapi? Ni miezi 21. Mtu mwenye miguu mizuri angalimpita! Lakini Graetz hakucheleweshwa na umbali tu. Muda mwingi ulikwisha katika kutengeneza gari na kungoja vipuri vije kutoka Ulaya. Basi tangu motokaa ya kwanza, jambo kubwa katika safari za bara lilikuwa ni kupata kipuri na kupata mtu ajuaye kukifunga.

Sasa, gari hukataje kona? Mkokoteni wa kale ulikuwa na mhimili mmoja wa mbele, na mhimili wote uligeuka pamoja na magurudumu yake. Ulikata kona kwa shida na ulipinduka upesi. Mwaka 1817 fundi wa magari ya farasi wa mji wa Munich, jina lake Georg Lankensperger, alibuni njia nyingine: mhimili ubaki mahali pake, na kila gurudumu ligeuke peke yake kwenye msumari wake. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliiandikisha njia hiyo London, na mpaka leo yaitwa kwa jina la Ackermann, ambaye hakuibuni. (Historia ina mambo ya namna hiyo mengi.) Msumari ule mkubwa ndio ambao mafundi wetu huuita kingipini. Malori ya zamani yote yalikuwa na kingipini, na malori mengi makubwa yanayo mpaka leo. Fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja huitwa tairodi, na katika ncha zake mna vichwa vya mviringo ndani ya vikombe, yaani ndugu zake boljointi.

Tukiisha kuyajua hayo, twende Kongwa.

Kongwa iko mashariki ya Dodoma, yapata kilomita 90. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe katika Tanganyika kwa mashine kubwa. Serikali ya Uingereza ikawatuma watu watatu kuitazama nchi, wakiongozwa na John Wakefield. Walirudi wakasema jambo hilo lawezekana. Mpango ulioandikwa ulikuwa wa eka 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa Tanganyika. Watu wa kwanza wa mradi walifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947.

Mashine zenyewe zilitoka wapi? Hapa ndipo nataka msikilize sana. Viwanda vya dunia vilikuwa vimechoka kwa vita, na trekta mpya hazikupatikana upesi. Basi wakanunua zile zilizoachwa na majeshi. Nyingi zilitoka visiwa vya Ufilipino, ambako jeshi la Marekani lilikuwa limezitumia na kuziacha. Baadaye kiwanda cha Vickers huko Uingereza kilichukua vifaru vya vita viitwavyo Sherman, kikavigeuza kuwa trekta. Jina lake likawa Shervick, yaani nusu Sherman na nusu Vickers. Kwa maneno mengine, mradi mkubwa kuliko yote uliopata kuonekana katika nchi yetu wakati ule ulianza na mitumba.

Mashine hizo zilishushwa Dar es Salaam, zikapanda garimoshi, zikafika Ugogo. Nyingine zilikuwa na kutu, na nyingine zilikuwa zimechakaa kabla hazijaota jua la Kongwa. Tena vipuri vilikuwa taabu, maana mashine zilikuwa za aina mbalimbali, na kipuri cha aina moja hakiingii katika nyingine.

Udongo wa Kongwa nao haukuwa rafiki. Wakati wa mvua ni laini. Wakati wa kiangazi hukauka na kuwa kama tofali lililochomwa, na ndani yake mna chembe za mawe magumu meupe ambazo husaga chuma kama tupa. Majembe ya trekta yalilika upesi. Na kile kinachosaga jembe, kikiwa vumbi, huingia katika kila tundu: katika pini za minyororo ya katapila, katika beringi, katika kingipini za malori, katika vichwa vya tairodi. Grisi ikichanganyika na vumbi la namna hiyo si grisi tena. Huwa kama unga wa kunolea visu, na kiungo hujinoa chenyewe mpaka kimekwisha.

Kufika mwisho wa miezi ya kiangazi ya mwaka 1947, theluthi mbili ya trekta zilizoletwa zilikuwa hazifanyi kazi. Mwaka ule walikusudia eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa yapata eka 7,500. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umekwisha, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kwa nini mradi ulishindwa? Sababu ni nyingi, na wazee wa Kigogo wangalieleza iliyo kubwa bila malipo: mvua ya Kongwa haina ahadi. Lakini katika jambo la mashine, habari nyingi zilizoandikwa wakati ule na baadaye zimewatupia lawama madereva Waafrika. Husema madereva hawakuwa na ujuzi, wakaziharibu mashine.

Mimi sikatai kwamba wengi walikuwa hawana ujuzi. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe mwezi wa Machi hawezi kuwa dereva hodari wa katapila mwezi wa Juni, na kosa si lake bali ni la yule aliyempa muda mfupi hivyo. Lakini tazameni mambo yote kwa pamoja. Mashine ilitoka vitani. Imelala katika mvua ya visiwa vya mbali. Imefika bila vipuri. Imetiwa katika udongo unaosaga chuma. Kisha pini yake ikakatika, na aliyeketi juu yake saa ile ndiye aliyeandikwa katika kitabu. Nadhani hukumu hiyo si ya haki. Kiungo hakivunjiki siku kinapovunjika. Huwa kimekwisha kuvunjika pole pole kwa miezi mingi, na dereva wa mwisho ndiye anayekutwa.

Tena, watu wa Kongwa hawakunyamaza. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai mishahara, na mgomo ukaenea bara kufuata reli. Kongwa nako waligoma mwaka ule.

Na katika vumbi lile walipatikana watu waliojifunza ufundi. Vijana waliokuja kufyeka miti wakaondoka wakijua spana, jeki na bomba la grisi. Mradi ulipofungwa walitawanyika kutafuta kazi kwenye malori, mashamba na gereji, na ujuzi ule haukufutwa pamoja na zile pauni milioni 36. Kongwa yenyewe ikawa nchi ya ng'ombe, na ranchi ya taifa iko huko mpaka leo.

Mwaka 1948, mradi wa karanga ukiendelea, Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari huko Amsterdam. Baada ya miaka michache ilikuwa ni gari la Bwana Shauri, la daktari na la misheni. Wengi wenu mmeiona. Nyuma ya gurudumu lake la mbele mna tufe kubwa la chuma linalong'aa, na ndani yake mna mafuta. Vumbi na changarawe vikilikwaruza tufe, mafuta hutoka, na dereva mzembe husema, "Linatoa jasho tu." Ni kweli linatoa jasho, lakini ni jasho la mgonjwa.

Magari madogo yalifuata njia nyingine. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Marekani, na baadaye vya nchi nyingine, vilianza kuiacha kingipini na kutia boljointi juu na chini ya gurudumu. Gari likawa jepesi kukata kona na laini zaidi kwa abiria. Lakini kingipini ilikuwa nene kama mchi na ilivumilia mengi. Boljointi ni ndogo, na uhai wake wote umo katika ile kofia ya mpira. Kofia ikipasuka upana wa ukucha tu, vumbi la Ugogo huingia.

Jambo la mwisho katika historia hii ni pawa stelingi, yaani usukani unaosaidiwa na mafuta. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, aliionyesha mwaka 1926 katika gari lake. Alikuwa amewaona madereva wa malori wakishindana na usukani kwa nguvu za mabega. Lakini viwanda havikuharakisha. Gari la kwanza la kuuzwa kwa watu likiwa na usukani wa namna hiyo lilikuwa la Chrysler, mwaka 1951, mwaka ule ule mradi wa Kongwa ulipotangazwa kufa. Kazi yake si ngumu kueleza. Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu kubwa. Dereva akigeuza usukani kidogo, mafuta huelekezwa upande ule, nayo husukuma magurudumu. Mkono wa dereva unaamuru, na mafuta yanafanya kazi.

Ni jambo zuri, nami silisemi vibaya. Lakini lina hasara moja ambayo watu hawaifikiri. Dereva wa Land Rover ya zamani alizijua boljointi na tairodi zake kwa mikono. Kiungo kilipoanza kukauka, usukani ulikuwa mzito, na jioni mabega yaliuma. Gari lilimwambia. Katika gari lenye pawa stelingi mafuta huubeba uzito huo, na dereva haambiwi kitu. Aweza kuendesha kwa miezi mingi juu ya kiungo kibovu, usukani ukiwa mwepesi kama kifuniko cha sufuria.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita, kabla barabara ya Kondoa haijatiwa lami, nilikuwa abiria katika gari dogo la abiria, kuukuu, lililotoka Dodoma. Tulikwisha kupita Haneti. Tukasikia mlio kama mwiko ukigonga chungu, na mara upande wa kushoto ukaanguka. Kwa bahati njema dereva alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakivuka. Hakufa mtu. Mama mmoja aliumia mkono. Abiria wakamshukia dereva kwa matusi, wakisema ni mlevi, ni mtoto, hajui kazi. Kijana wa watu alisimama kando ya njia akitetemeka, hana neno. Fundi aliyeletwa kwa lori saa kumi jioni aliinama chini ya gari, akatoka na kikombe cha boljointi katika kiganja chake. Ndani hamkuwa na grisi hata chembe. Mlikuwa na vumbi jekundu, kavu, limeshindiliwa kama tumbaku katika kiko. Kofia ya mpira ilikuwa imepasuka siku nyingi. Gari halikuwa la dereva, na dereva alikuwa amepewa gari hilo siku ya tatu tu. Nikakumbuka Kongwa.

Siku hizi barabara ya Dodoma mpaka Babati ni ya lami. Ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, mwaka ambao Dodoma ilipewa hadhi ya jiji. Lakini magari yetu mengi bado ni mitumba, yanashushwa Dar es Salaam kama zile trekta za Ufilipino, na lami ikiisha vumbi ni lile lile. Kwa hiyo yafaa kila mtu, hata abiria, ajue kutazama.

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, uweke na gogo au kigingi cha chuma chini ya gari, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Magari mengine jeki yake yapasa kukaa chini ya mkono wa gurudumu, ama sivyo springi itakaza kiungo na utadanganyika. Muulize fundi juu ya gari lako. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza na kugonga, kosa huenda likawa la boljointi au la beringi. Mtu mwingine akikanyaga breki na mchezo ukakoma, tazameni beringi kwanza. Kisha lishike kushoto na kulia. Likicheza hivyo, tazama vichwa vya tairodi. Chukua tochi uangalie kila kofia ya mpira. Tairi inayolika upande mmoja nayo ni shahidi.

Mafuta ya pawa stelingi hukaa katika kikopo kidogo karibu na injini, chenye alama ya juu na alama ya chini. Soma kifuniko. Magari mengi ya Toyota ya zamani hutumia mafuta mekundu yaitwayo ATF, lakini si magari yote, na ndiyo maana nasema soma. Mmejifunza kusoma, basi hapa ndipo pa kusoma. Usitie mafuta ya breki humo hata ukiwa porini na huna mengine, maana huvimbisha mipira ya ndani na kuiharibu pampu yote. Mafuta yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua yabadilishwe. Yakitoa povu, hewa imeingia. Pampu ikilia kama mbu mkubwa unapokata kona, huenda mafuta yamepungua, na mafuta hayapungui yenyewe. Yanavuja mahali. Kuongeza kila wiki bila kutafuta mahali panapovuja ni kama kujaza mtungi wenye ufa. Wala usiushikilie usukani kwa muda mrefu ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kwa sababu wakati huo pampu husukuma kwa nguvu zake zote na mafuta huchemka.

Saa yetu inakaribia. Kabla ya somo lijalo, tafuteni gari moja karibu na darasa lenu, liwe trekta, lori au gari la abiria. Mwombeni dereva kwa heshima awaonyeshe kofia za mpira za gurudumu la mbele na kikopo cha mafuta ya usukani kama lina kikopo. Kisha kila mmoja aandike mistari mitano: gari ni la aina gani, lilitengenezwa mwaka gani, mpira ni mzima au umepasuka, mafuta yamefika alama gani, na nani aliyelipaka grisi mara ya mwisho. Kama hakuna ajuaye jibu la swali hilo la mwisho, andikeni hivyo hivyo.

Kwa herini.